Mtu akibishiwa asili yake: ninavyopima picha, vyeti na klipu kabla ya kuandika

Nafanya kazi kwenye dawati la habari za kimataifa. Napokea habari za mashirika, nazitafsiri, nazipunguza, nazipeleka kwa mhariri. Kuna aina moja ambayo kila ikizuka husukumiwa mimi: fulani anajiita mweusi, au Mwenyeji wa Asili wa Marekani, na kumbe siye. Huja na picha mbili zilizobandikwa pamoja, ya utotoni na ya sasa, na mshale mwekundu juu ya nywele. Nyingi hutoka Marekani na Kanada, ambako asili ya mtu inaweza kugusa ajira yake, tuzo zake na kura zake. Njia ninayofuata ni ya polepole, na mhariri hulalamika.

Kwanza liandike dai

Kabla sijafungua picha yoyote naandika mstari mmoja: alisema nini, wapi, mwaka gani, kwa maneno yake mwenyewe. "Baba yangu ni mweusi", "najiona mweusi", "bibi yangu alikuwa Mcherokee" (mmoja wa Wenyeji wa Asili wa Marekani) na "ukoo ule ulinipokea" ni madai manne, na kila moja lina ushahidi wake.

Mchukue Rachel Dolezal. Hadi Juni 2015 aliongoza tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi Marekani, mjini Spokane, na aliwaacha watu waamini kwamba baba yake ni mweusi. Dai hilo lilipimika: wazazi wake walijitokeza, wote wawili wazungu, na akajiuzulu. Baadaye akasema anajitambua kuwa mweusi. Hilo ni dai jingine kabisa, wala hakuna cheti cha kulithibitisha au kulikanusha. Wengi waliobishana juu yake mwaka ule walikuwa wakirukaruka kati ya hayo mawili bila kujua.

Kwa mwimbaji Buffy Sainte-Marie mpaka huo unaonekana vizuri zaidi. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba alizaliwa kwa jamii ya Wacree, Wenyeji wa Asili wa Saskatchewan, Kanada, kisha akaasiliwa na familia ya Marekani. Oktoba 2023 shirika la utangazaji la Kanada, CBC, lilitoa cheti cha kuzaliwa cha Stoneham, Massachusetts, cha mwaka 1941, kinachowataja waliomlea kuwa ndio wazazi wake wa damu. Lakini ukoo wa Piapot, wa Wacree hao, ulikuwa umempokea kwa mila zao akiwa mtu mzima, na watu wa ukoo huo waliendelea kusema ni wao. Cheti kinajibu swali la kuzaliwa. Swali la kupokewa wanalijibu Wapiapot wenyewe, si mwandishi wa habari.

Kisha uliza nani alishika kalamu

Hapa ndipo natumia muda mwingi, maana hapa ndipo watu wenye akili zao huteleza. Wakishaona mhuri wa serikali wanafunga mjadala. Mimi nikiona mhuri natafuta jina la aliyejaza fomu, kisha najiuliza alikuwa na visanduku gani vya kuchagua.

Katika sensa za zamani za Marekani, aliyeamua rangi ya mtu alikuwa karani aliyebisha hodi, kwa kutazama tu au kwa kumuuliza jirani. Watu walianza kujijazia wenyewe mwaka 1960. Kisanduku cha chotara kilikuwepo 1920, na 1930 kikaondolewa, kwa hiyo mtu yuleyule, katika nyumba ileile, angeweza kuwa chotara kisha mweusi bila chochote kubadilika katika damu yake. Ukiletewa karatasi mbili za sensa zinazopingana, usikimbilie kusema mtu kadanganya. Huenda ni karani aliyebadilika.

Virginia ilikuwa mbaya zaidi. Sheria ya mwaka 1924 iliwagawa watu kuwa weupe na wasio weupe, na msajili wa jimbo, Walter Plecker, aliwashinikiza makarani wake wasiwaandike Wenyeji wa Asili kwa jina lao. Aliamuru waitwe "watu wa rangi". Hadi leo wapo wazao wao ambao nyaraka za babu zao zinawakana. Mtu wa ukoo huo akidai uenyeji na kumbukumbu za serikali zikikataa, mimi siziamini haraka hizo kumbukumbu.

Louisiana nako, Susie Guillory Phipps aliishi akijijua mzungu hadi alipoomba pasipoti mwaka 1977 na kuambiwa cheti chake kinasema vingine. Aliyekijaza alikuwa mkunga. Kwa sheria ya jimbo hilo ya 1970, mwenye zaidi ya sehemu moja ya 32 ya "damu nyeusi" alihesabiwa mweusi. Phipps alikwenda mahakamani akashindwa, ingawa sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1983.

Na mfano wa karibuni: Julai 31, 2024, mjini Chicago, Donald Trump aliwaambia waandishi wa habari weusi kwamba Kamala Harris "amegeuka" mweusi miaka ya karibuni. Watu wakachimbua cheti chake cha mwaka 1964, ambacho kwenye rangi ya baba kimeandika Mjamaika na kwenye rangi ya mama kimeandika mzungu, ilhali mama alizaliwa India. Cheti hicho hakikuthibitisha kitu kwa upande wowote, isipokuwa kwamba karani wa hospitali hakuwa na neno. Chenye uzito ni kile kisichoandikwa kwa ajili ya ubishi: alisoma Howard, chuo cha kihistoria cha weusi, akamaliza mwaka 1986, miongo kadhaa kabla ya kuwa na haja ya kura za urais.

Jambo moja zaidi kuhusu vyeti: jina la baba mara nyingi ni la baba kisheria. Agosti 2015 mwanaharakati Shaun King alishambuliwa kwa sababu aliyetajwa kwenye cheti chake ni mzungu. Alijibu kwamba mama yake alimwambia baba wa damu ni mtu mwingine, mweusi wa rangi ya maji ya kunde. Karatasi haina uwezo wa kuingia kwenye mazungumzo kama hayo, na mimi sina haki ya kumlazimisha mama wa mtu atoe siri zake ili habari yangu ikamilike.

Picha na klipu ziwe za mwisho

Rangi ya ngozi kwenye picha ni kazi ya mwanga, karatasi na mhariri. Juni 1994 majarida ya Time na Newsweek yalitumia picha ileile ya polisi ya O. J. Simpson, nyota mweusi wa michezo aliyeshtakiwa kwa mauaji, na ya Time ikawa imetiwa giza. Aliyeyaona yote mawili kwenye meza ya magazeti hakuhitaji maelezo. Na msidhani picha za kughushi zimeletwa na akili unde. Mwaka 1925 tajiri Leonard Rhinelander alitaka ndoa yake ibatilishwe, akidai mkewe Alice alimficha kwamba ana asili ya weusi. Mahakama ilimlazimisha mwanamke huyo aonyeshe sehemu ya mwili wake faraghani, mbele ya baraza la waamuzi. Gazeti la Evening Graphic halikuwa na picha, basi likapanga waigizaji na kubandika nyuso za wahusika. Alice alishinda kesi, lakini picha ya uongo ndiyo iliyouzwa.

Klipu itafute nzima. Ile ya Dolezal ya sekunde chache, anapoulizwa kama ni Mmarekani mweusi na kusema haelewi swali, ilitoka kwenye mahojiano yaliyoanza kwa habari za barua za vitisho alizodai kupokea. Nzima haimwokoi, ila inakuonyesha mwandishi alifikaje pale.

DNA naipitia upesi. Vipimo vya 2018 vya Elizabeth Warren, seneta wa Marekani aliyedai ana asili ya Wenyeji, vilionyesha babu Mwenyeji wa vizazi sita hadi kumi nyuma. Taifa la Cherokee lilimkemea, kwa kuwa uraia wao hufuata majina ya mababu kwenye orodha za Dawes (orodha za zamani za serikali za watu wa taifa hilo), si mate kwenye kichupa. (Na orodha hizo nazo ziliandikwa na makarani waliowaweka watumwa walioachiwa huru kwenye orodha ya peke yao. Rudi kule kwenye kalamu.)

Ndugu ni mashahidi wazuri, ila uliza kwa nini sasa. Dada zake Sacheen Littlefeather, mwigizaji aliyejiita Mwenyeji wa Asili, walimkanusha Oktoba 2022, yeye akiwa ameshafariki na hawezi kujibu. Hilo halifanyi maneno yao kuwa uongo. Linanifanya nitafute karatasi ya kuyasindikiza.

Unapoandika

Kila sentensi iwe na mwenyewe: "wazazi wanasema", "cheti kinataja". Neno "abainika" nimelifuta kwenye vichwa vyangu vya habari. Mhusika aulizwe kabla, apewe saa za kutosha za kujibu, na jibu lake likae juu, si aya ya mwisho. Picha mbili zenye mshale hazichapishwi. Cheti chenyewe pia sikibandiki: kina anwani ya nyumba na jina la mama kabla ya ndoa. Nasema tu kina nini, cha mwaka gani, na nani alitia saini.