Kumuuguza kuku mwenye ndui: mitishamba inapofaa na isipofaa

Masika yanapokatika hapa Tanga mbu huwa wengi kupita kiasi, na baada ya hapo haichukui muda kuona kuku wenye vipele vyeusi kichwani katika nyua zetu, kuanzia Pongwe hadi Mwambani. Hiyo ndiyo ndui ya kuku, na mbu ndio wanaoieneza kwa kuuma. Wazee husikia jina hilo wakashtuka, kwa kuwa wanaikumbuka ndui ya watu ambayo Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kuwa imetokomezwa. Virusi vya ndui ya kuku ni vingine na havimpati binadamu, kwa hiyo unaweza kumshika kuku mgonjwa bila hofu, ilimradi unawe mikono kabla ya kumshika mwingine.

Kabla hujakwenda kuchuma jani lolote, shika jambo moja. Hakuna mti, jani wala mzizi unaojulikana kuviua virusi hivi ndani ya mwili wa kuku, na hata duka la dawa za mifugo halina dawa ya namna hiyo. Mwili wa kuku wenyewe ndio unaovishinda, kwa kawaida ndani ya wiki mbili hadi nne, na kazi ya mfugaji ni kuhakikisha kuku anakula, anakunywa na vidonda vyake havioozi kwa muda wote huo. Hili nililijua kwa kumpoteza tetea niliyempenda sana, aliyekuwa na vifaranga wadogo. Nilimpaka shubiri asubuhi na jioni bila kukosa, nikaamini kwamba nimemtibu. Siku ya tano nilimkuta amesimama hatua moja kutoka kwenye kifuu kilichojaa maji, macho yote mawili yamezibwa na vigaga, akidonoa hewa. Nilipomnyanyua alikuwa mwepesi kama tenga tupu, na mfupa wa kidari ulichomoza mkononi kama ukingo wa kisu. Njaa na kiu ndivyo vilivyomuua, na maji yalikuwapo palepale.

Hakikisha kwanza kwamba unachokiona ni ndui. Vipele huanza vidogo, vyeupe au vya njano, kwenye upanga, ndevu, pembeni mwa mdomo na kuzunguka macho, yaani sehemu zisizo na manyoya, kisha huungana na kuwa vigaga vyeusi. Kuku anayepinda shingo, anayeharisha kinyesi cha kijani, au kundi linalokufa kwa ghafla siku moja baada ya nyingine, si ndui bali huenda ni mdondo, yaani kideri, na hapo usipoteze siku kwa majani. Mwite afisa mifugo wa kata na usiuze wala kugawa kuku hata mmoja.

Mtenge mgonjwa mahali penye kivuli na pasipo na mbu, kisha anza na macho. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, uache yapoe hadi yawe vuguvugu. Mfunge kuku kwa kipande cha kanga kuukuu ili mabawa yatulie, umbane kwapani, halafu loweka kitambaa laini katika maji hayo na ukiweke juu ya jicho kwa dakika tatu au nne bila kusugua. Kigaga kikilainika, futa taratibu kutoka upande wa mdomo kuelekea nyuma hadi kope ziachane. Kisichotoka leo kiache, kesho kitatoka. Ukikibandua kwa nguvu utamtoa damu, utafungua njia ya vijidudu vingine, na utatawanya virusi, kwa sababu vigaga hivyo ndimo virusi vinamokaa kwa miezi mingi. Kila kuku awe na kitambaa chake, na ukimaliza kichome moto.

Macho yakishafunguka, au hata kama hayajafunguka, mlishe kwa mkono. Pika uji mzito wa dona, changanya na dagaa waliosagwa na yai lililochemshwa, ongeza majani ya mlonge au mchicha yaliyopondwa, kwa kuwa majani hayo yana vitamini A ambayo ngozi na macho huihitaji ili kupona. Hapa ndipo mitishamba yetu inapofanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote, ingawa wengi huiona ni mboga tu. Finyanga matonge madogo kama punje ya mahindi, bonyeza mdomo pembeni ili ufunguke, na umwekee moja moja huku ukisubiri ameze. Maji mpe kwa tone ubavuni mwa mdomo, kamwe usiyamimine kooni, kwa maana tundu la hewa liko nyuma ya ulimi na yakiingia humo utampalia. Papasa kifuko cha chakula chini ya shingo yake jioni. Kikiwa kitupu, siku yake ya kula haijaisha.

Shubiri inafaa kwa kupaka. Kata jani, lisimamishe kwa robo saa utomvu wa njano umwagike, kwa sababu utomvu huo huharisha, kisha menya na upake ute mweupe juu ya vipele mara mbili kwa siku. Manjano ya unga kijiko kimoja cha chai katika vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi nayo hulainisha vigaga na kuzuia visipasuke, lakini isiingie ndani ya jicho. Maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa yatumie kuoshea vidonda vilivyo mbali na macho na kusugulia vichanja vya kulalia.

Desturi ya kuloweka shubiri, mwarobaini na pilipili katika maji ya kunywa siikubali, hata kama imerithiwa. Kuku mgonjwa tayari hana hamu, na akikutana na maji machungu au makali huyaacha, ndipo tunapomuua kwa kiu huku tukidhani tunamtibu. Maji yake yawe safi na matamu. Aliyedhoofika sana unaweza kumpa kwa siku moja au mbili lita moja ya maji yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, wala usizidishe chumvi. Mafuta ya taa, oili chafu ya gari na maji ya tumbaku visimguse kabisa. Vinaunguza ngozi na kutia sumu.

Kuna ndui inayoshika ndani ya mdomo na koo, ikaacha utando wa njano kama jibini, na kuku akahema kwa shida. Hiyo ni mbaya zaidi. Usiubandue utando huo. Mwite mtaalamu mapema, kwa kuwa huenda akahitaji antibiotiki ya kuzuia maambukizi mengine ya bakteria, na akikupa ufuate kipimo pamoja na siku ambazo watu hawapaswi kula mayai wala nyama ya kuku huyo.

Wakati unauguza, geukia uwanja. Vifuu, maganda ya madafu, makopo na matairi yaliyotuama maji nyuma ya banda ndiko mbu wanakozaliwa; vifunike, vipindue au uvitoboe. Makumbi na majani makavu ya mwarobaini yafukize nje ya banda, upande unaotoka upepo, kabla kuku hawajaingia kulala, kwani moshi ndani ya banda lililofungwa huwaumiza mapafu.

Kinga ya kweli ni chanjo ya ndui, inayochomwa kwenye ngozi nyembamba ya bawa kwa sindano yenye ncha mbili, nayo si ile ya mdondo inayotiwa tone jichoni. Kama wagonjwa bado ni wachache, wazima waliobaki wanaweza kuchanjwa hata sasa. Kati ya siku ya 7 na ya 10 inua bawa utazame: pakiwa na uvimbe mdogo au kigaga palipochomwa, chanjo imeshika, pakiwa laini kama mwanzo, kuku huyo arudiwe.

Vigaga vya waliopona vitaanguka vyenyewe. Fagia banda kila asubuhi, uchome takataka zote pamoja na matandiko, na usiingize vifaranga wapya hadi kigaga cha mwisho kimekwisha na banda limepakwa chokaa.