Uko kwenye dawa lengwa za saratani? Cheki na mifupa

Watu wakianzishiwa dawa lengwa (zile zinazolenga kitu maalum kinachokuza saratani) wanaulizia nywele na kichefuchefu tu, mifupa hakuna anayeikumbuka. Imatinib kwa mfano, hii wanayopewa sana wenye saratani ya damu ya CML, inaweza kushusha fosfeti (madini ya mifupa) kwenye damu na kuvuruga ule utaratibu wa mfupa kubomoka na kujijenga upya. Entrectinib, dawa lengwa nyingine, nayo ina onyo kabisa la kuvunjika mifupa, so maumivu mapya ya nyonga au mgongo hata kama hujaanguka popote usiyazime na vidonge vya maumivu, mwambie daktari apige picha.

Ila kinachosahaulika zaidi mi naona ni meno. Sunitinib na bevacizumab, nazo dawa lengwa, zinaweza kuchangia mfupa wa taya kufa, hasa kama unachomwa pia denosumab au asidi ya zoledroniki (sindano za kulinda mifupa), kwa hiyo jino bovu lishughulikiwe kabla hujaanza, na kama umeshaanza basi daktari wa meno ajue dawa zako zote kabla hajashika koleo. Omba pia wapime vitamini D, kalsiamu na fosfeti kwenye damu, na dawa usiache kwa kujiamulia.