Majina Yetu Mbele ya Mipaka Yao: Kwa Mzazi wa Kizanzibari Anayepeleka Watoto Pwani ya Hispania

Mzanzibari anayeishi Uingereza akipanga kuwapeleka wanawe mapumzikoni kusini mwa Hispania, akili yake yote huishia kwenye viza, chakula cha halali na mahali pa kuogelea pasipo kuvunja heshima. Mambo hayo yana njia zake na nitayagusa. Lakini kikwazo kilichotukamata sisi, ambacho hapakuwa na wakala wa safari wala mtumishi wa kituo cha viza aliyetutahadharisha nacho, ni majina ya watoto wetu. Nalisema mapema na nitalirudia: mzazi asivuke mpaka peke yake na watoto bila ya cheti kirefu cha kuzaliwa cha kila mtoto pamoja na barua ya ruhusa ya mzazi aliyebaki.

Ukiacha familia zenye nisba, sisi wa Unguja na Pemba hatuna jina moja la ukoo linalorithishwa nyumba nzima. Mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, na mwanamke akiolewa hubaki na nasaba yake, kwani dini imetufunza kumnasibisha kila mtu na baba yake. Tuchukue mfano wa baba anayeitwa Khamis Juma Faki, mkewe Mwanaidi Ali Haji, na binti yao Salma Khamis Juma. Mtu yeyote wa kwetu akiyasoma majina hayo ameshaijua nasaba: binti ametajwa, kisha baba, kisha babu. Katika pasipoti, hata hivyo, panapoandikwa jina la mwisho, baba ni Faki, mama ni Haji na mtoto ni Juma. Watu watatu wanaolala chini ya paa moja wana majina matatu yasiyokutana popote, na pasipoti ya Uingereza waliyo nayo watoto wetu wengi haimtaji baba wala mama.

Hispania ina jambo jingine la kuongeza uzito. Kule kila mtu ana majina mawili ya ukoo, la kwanza aghalabu la baba na la pili la mama. Mama wa Kihispania naye habadilishi jina akiolewa, kwa hiyo afisa wa huko haoni ajabu mke kutofautiana na mume. Anachokitafuta ni jina la mama ndani ya jina la mtoto, na kwetu sisi halimo kabisa. Tena kanuni za mipaka ya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Hispania ikiwemo, zinawaagiza maafisa kuwaangalia watoto kwa uangalifu wa pekee, na mtoto anapokuwa na mtu mzima mmoja tu, kuhakikisha kwamba hakuchukuliwa kinyume cha ridhaa ya mwenye haki ya malezi.

Sisi tulishuka saa nne za usiku, mimi na wanangu wawili, baba yao akiwa kazini Muscat. Viza yangu ilikuwa safi, bima ilikuwepo, hoteli imelipwa. Afisa alizipanga pasipoti zetu tatu juu ya meza, akapitisha kidole kwenye majina ya mwisho moja baada ya jingine, kisha akarudi mwanzo. Nikampa vyeti vya kuzaliwa. Vilikuwa vyeti vifupi vya Uingereza, vile vinavyoonyesha jina la mtoto, tarehe na wilaya aliyosajiliwa, bila ya kuwataja wazazi. Akamgeukia binti yangu wa miaka sita, akamwuliza kwa upole jina kamili la mama yake. Mtoto aliyelelewa kwa adabu ya kwetu halitamki jina la mzazi wake. Alijibu "Mama", akanyamaza, na akabaki ananitazama mimi.

Tulipelekwa chumba cha pembeni. Simu ya baba yao ilikuwa imezimwa, kwani Muscat ilikuwa imeshatimia saa sita za usiku, na tulikaa pale watoto wakilala juu ya mabegi mpaka alipoamka kwa swala ya alfajiri, ikiwa kwetu saa nane za usiku, ndipo akapokea, akatuma picha za pasipoti yake na za vyeti virefu vilivyokuwa kwake. Gari tuliyoikodi ilikuwa imeondoka. Tiketi zetu za Alhambra, ile kasri ya kale ya Waislamu mjini Granada, zilizokuwa za asubuhi ileile, zilipita na fedha hazikurudishwa. Hakuna aliyetutukana wala kutugusa, na hilo nalishuhudia. Lakini kuna unyonge mkubwa katika kumthibitishia mtu usiyemjua kwamba mtoto uliyemzaa ni wako.

Basi andaa karatasi hizi, na usiruhusu mtu akwambie kuwa zimezidi. Kwanza ni cheti kirefu cha kuzaliwa, kile chenye majina ya baba na mama, kwa kila mtoto. Narudia: cheti kifupi hakikufai mpakani. Kama mtoto amezaliwa England au Wales, unaagiza nakala ndefu kwenye ofisi ya usajili au kwa mtandao, na itakuja kwa posta. Kama amezaliwa Mnazi Mmoja au Chake Chake, unajua mwenyewe zilipo ofisi za usajili. Angalia tu kwamba majina yako kwenye cheti yameandikwa kama yalivyo kwenye pasipoti yako. Khamis wa cheti akiwa Hamisi kwenye pasipoti, au Said akiwa Saidi, tengeneza jambo hilo nyumbani kwa hati ya kiapo kabla ya kukata tiketi, na uibebe hati hiyo pamoja na tafsiri ya cheti kwa Kiingereza.

Pili ni barua ya mzazi aliyebaki. Iandikwe kwa Kiingereza, na ikiwezekana kwa Kihispania pia, itaje jina kamili la kila mtoto na namba ya pasipoti yake, jina la anayesafiri naye, nchi mnayokwenda, tarehe ya kwenda na ya kurudi, hoteli mtakayofikia, na namba ya simu ya mwandishi itakayokuwa wazi usiku kucha. Itiwe saini mbele ya wakili au mthibitishaji wa hati, na iambatane na nakala ya pasipoti yake. Serikali ya Uingereza yenyewe inahitaji kila mwenye haki ya malezi aridhie mtoto kutolewa nchini. Mama aliyeachika akiwa na amri ya mahakama ya huko inayosema mtoto anaishi kwake, anaweza kumtoa kwa siku zisizozidi 28 bila ya ruhusa hiyo. Abebe amri yenyewe. Tatu ni cheti cha ndoa au cha talaka, kwa kuwa ndicho kinachounganisha jina la mama na la baba. Waliofungishwa msikitini Uingereza bila ya kusajili serikalini wajue kwamba karatasi ya nikaha peke yake haina nguvu ya kisheria kule, hivyo cheti kirefu cha mtoto ndicho kitakachowabeba.

Nne si karatasi. Mfundishe mtoto majina kamili ya mama na baba, na mwambie kwamba kuyataja mbele ya afisa si utovu wa adabu. Na anayesafiri na mtoto wa dada yake au wa kaka yake awe mwangalifu maradufu, kwani mtoto wa kwetu humwita mama mdogo wake "mama" bila ya kufikiri, na afisa akisikia hivyo kisha akasoma jina la mama mwingine kwenye cheti, atadhani mmepanga uongo. Kwa mtoto wa namna hiyo barua ya mzazi mmoja haitoshi. Wazazi wote wawili watie saini.

Hapa nina neno na jamaa zetu wa nyumbani, kwa mapenzi. Shangazi alinambia kwenye simu kwamba watoto wananifanana, basi nani atauliza. Na ami akapendekeza nipate barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu. Wanasema hivyo kwa sababu wameishi mahali ambapo sheha anamjua mtoto tangu siku ya kutolewa nje, na neno lake linatosha. Huku barua ya sheha haisomwi, na sura haihesabiki. Nimeishi na Wazungu miaka mingi, na naona kwamba wamehamisha ujirani wote wakauweka ndani ya karatasi: jirani yako wa ukuta mmoja hajui una watoto wangapi, lakini dola inajua tarehe waliyopigwa chanjo. Silipendi, ila nimefahamu chanzo chake. Wako wazazi waliogombana wakavushana watoto mipaka, na mtoto akapotelea upande wa pili kwa miaka. Afisa yule hakuwa na jirani wa kumwuliza. Alikuwa na karatasi, na karatasi zetu hazikusema kitu.

Viza kwa ufupi. Mwenye pasipoti ya Tanzania aombe ya Schengen huko anakoishi kihalali, asitangulie zaidi ya miezi sita wala asichelewe chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, bima iwe ya yuro 30,000 au zaidi, na pasipoti ibaki na uhai wa miezi mitatu baada ya kutoka. Kadi za ukaazi za Uingereza zilikwisha mwisho wa 2024, hivyo hakikisha pasipoti unayosafiria imeunganishwa na akaunti yako ya ukaazi mtandaoni. Na bibi aliyekuja kutoka Pemba kwa viza ya kutembelea Uingereza hawezi kuingia nayo Hispania. Kila mwaka kuna familia inayoamini kwamba Ulaya yote ni nyumba moja, ikamkatia bibi tiketi. Mwombeeni viza yake mapema au mumwache kwa jamaa akistarehe.

Hotelini jina litaulizwa tena. Tangu Disemba 2024 hoteli za Hispania zinatakiwa kuandikisha taarifa za kila mgeni kwa ajili ya polisi, na akiwapo mtoto, kuandika pia uhusiano wake na watu wazima anaosafiri nao. Cheti kirefu kitoe hapo hapo. Kuhusu bwawa la kuogelea, iandikie hoteli kabla ya kulipa, uliza wazi kama vazi la kuogelea linalofunika mwili mzima linakubaliwa, na uhifadhi jibu lao. Hispania haina sheria ya nchi nzima inayolikataza. Ufaransa ni jambo jingine: mahakama yake ya juu ya utawala ilisimamisha katazo la ufukweni mwaka 2016, lakini mwaka 2022 ikazuia mji wa Grenoble kuliruhusu vazi hilo katika mabwawa yake. Fukweni utakuta watu wakiwa karibu uchi. Chagua sehemu ya mbali na uende baada ya alasiri, jua la huko linachelewa sana.

Kuchelewa kwa jua kunagusa swala. Mwezi wa Julai magharibi huingia kama saa tatu na nusu za usiku, na isha baada ya saa tano, jambo zito kwa mtoto aliyezoea kulala mapema. Wengi wetu ni Washafi, na katika madhehebu hayo aliyenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila ya siku ya kufika na ya kuondoka, hana tena ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kukusanya. Panga makaazi yako ukilijua hilo, na muulize sheikh wako. Chakula si tabu kubwa, kwani Wamoroko ni wengi na wana maduka ya nyama halali. Jihadhari zaidi na biskuti na keki za kienyeji, nyingi hutiwa mafuta ya nguruwe.

Nenda Granada na Córdoba, hata kama watoto watalilia bahari. Tiketi ya Alhambra hutolewa kwa jina, huwa na saa maalumu ya kuingia Majumba ya Wanasri, wafalme Waislamu wa zamani wa Granada, na mlangoni huombwa pasipoti. Andika majina kama yalivyo kwenye pasipoti herufi kwa herufi, hata ya mtoto anayeingia bure. Msikiti wa Córdoba ulianzwa mwaka 785, ukafanywa kanisa mwaka 1236, na Muislamu haruhusiwi kuswali ndani. Waandae watoto kwa hilo kabla ya kuingia, kwa sababu inauma kusimama chini ya matao yale na kuambiwa na mlinzi usiinue mikono. Naona ni ugumu wa moyo usio na sababu, kwa nchi inayouza tiketi kwa uzuri ulioachwa na Waislamu. Granada mtapata faraja: juu ya mtaa wa Albaicín kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, wenye bustani inayoikabili Alhambra, na mtaswali kwa amani.

Siku ya kurudi karatasi zilezile ziwe mkononi, zisiwe ndani ya begi lililokabidhiwa kwenye ndege, kwani maafisa wa Uingereza nao huuliza kuhusu mtoto mwenye jina tofauti na la mzazi. Na barua ya safari hii haifai kwa safari ijayo, maana ina tarehe zake. Mzazi anayefanya kazi Muscat au Dubai atie saini mpya akiwa likizo, kabla hajaondoka.