TRIM inapokataa: kukata maduara yanayopandana kwenye ua la nakshi

Ua la petali sita la kuchongwa mlangoni linaonekana gumu ukilitazama kwenye mbao, lakini kwenye kompyuta ni maduara saba tu yenye nusukipenyo kimoja. Tabu huanza kwenye kukata. Hapa Lamu, Mji wa Kale ni urithi wa dunia tangu 2001, na mwenye kukarabati nyumba hutaka mlango unaoshabihiana na ule wa zamani. Kwa hiyo vijana wanaowachorea mafundi nakshi kwa AutoCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, hawakosi kazi, wala hawakosi swali hili kuhusu TRIM, amri yake ya kukata: "Ami, mbona haikatiki?"

Jawabu langu ni lilelile kila mara. Usibofye tena. Iulize kwanza programu kile unachokikata ni kitu gani, kisha uchague mwenyewe ukingo wa kukatia.

Chora ua la majaribio

Andika CIRCLE, bofya mahali pa kitovu, andika 60. Vipimo vyote ni milimita. Hili ndilo duara mama. Chora la pili, nalo la 60, kitovu chake kiwe juu ya mzingo wa duara mama. Washa osnap ya Quadrant, yaani kunasa kwenye nukta za robo ya duara, ikunasie hapo. Jicho halitoshi kwa kazi hii. Halafu ARRAYPOLAR, amri ya kunakili kwa kuzunguka: chagua duara la pili, katikati ya mzunguko iwe kitovu cha duara mama, idadi 6. Utaona petali zimejitokeza zenyewe, kwa sababu kila duara la pembeni linapita kwenye kitovu cha mama.

TRIM haikubali kabisa

Andika LIST, chagua duara moja la pembeni, bonyeza Enter, usome. Usipoona neno CIRCLE, basi hayo si maduara sita hata kama macho yanakwambia hivyo. ARRAYPOLAR kwa kawaida huyafunga yote kuwa kitu kimoja, na TRIM haiingii ndani yake. Tumia EXPLODE kuyatenganisha, kisha LIST tena. Bloku, yaani vitu vilivyofungwa pamoja kwa jina moja, nayo dawa yake ni hiyo hiyo.

LIST ikisema REGION, yaani eneo lililofungwa, TRIM haifai hapo. Umbo la namna hiyo hukatwa kwa SUBTRACT (kutoa eneo moja kwenye jingine) au INTERSECT (kubakiza sehemu inayopandana tu). Na usilione kuwa ni mkosi: chukua maduara mawili ya pembeni yaliyorukana moja, yageuze kuwa REGION, piga INTERSECT, na unapata petali nzima iliyofungwa pande zote bila kukata chochote. Kwa mchoro unaokwenda kwenye mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, mimi hupendelea njia hii.

Ukipitisha kishale juu ya duara ukaona kufuli kidogo, leya, yaani tabaka la mchoro lilipo duara hilo, imefungwa. Andika LAYULK, bofya duara hilo, endelea.

Inakata vipande vipande

Hapa ndipo wengi wanapochoka, kwa hiyo tukae kidogo.

Tangu AutoCAD 2021, TRIM hufunguka katika hali ya haraka: kila kilichoko kwenye mchoro kinahesabiwa kuwa ukingo wa kukatia. Kwa ramani ya nyumba ni raha. Kwa ua letu ni adha. Sehemu ya duara la pembeni iliyo nje ya duara mama inakatizwa na jirani wa kulia na jirani wa kushoto, kwa hiyo ni vipande vitatu. Unabofya, kinaondoka kimoja, viwili vinabaki. Na kitu kisichokatizwa na chochote, ukikibofya katika hali hiyo, hufutwa chote. Ndiyo maana mtu huona petali imepotea na hajui imekwenda wapi.

Andika TRIMEXTENDMODE, uipe 0. Sasa TRIM itakuuliza kingo kwanza. Chagua duara mama peke yake, bonyeza Enter, halafu bofya sehemu ya nje ya kila duara la pembeni. Mibofyo sita, basi. Jihadhari na jambo moja: ukibonyeza Enter kabla ya kuchagua ukingo, umechagua vyote, na shida inarudi. Ukimaliza, rudisha 1 kama umezoea hali ya haraka.

Umekata, na mstari ungali pale

Kuna mwingine chini yake. Mtu alinakili akabandika palepale, au faili limepita mikononi mwa watu kadhaa. Andika OVERKILL, amri ya kufuta mistari iliyorudiwa, chagua mchoro wote, kubali. Usiipuuze hatua hii hata kama kwenye karatasi hauonekani ubaya wowote: mashine ikikuta mistari miwili mahali pamoja huweza kupita mara mbili, na mbao iliyokwisha kuliwa hairudi.

Yanaonekana yamegusana, lakini hayakatiki

Andika REGEN kwanza, mchoro uchorwe upya kwenye skrini, kwa sababu wakati mwingine duara huonyeshwa kwa mistari mifupi iliyonyooka na jicho hudanganyika. Kisha vuta karibu sana. Maua mawili ya mkanda wa nakshi yanayogusana kwa nukta moja tu hayawezi kukatana kwa TRIM. Duara linahitaji kukatizwa mahali pawili. Mstari ulioishia kabla ya kulifikia duara bado unaweza kulikatia ukiweka EDGEMODE kuwa 1, ilimradi ukirefushwa ungelipita.

Kisa kingine ni urefu wa Z. LIST inaonyesha kitovu kwa namba tatu. Ya tatu ikitofautiana kati ya duara na duara, moja linaelea juu ya jingine. PROJMODE ikiwa 1, kama inavyokuja, TRIM itakata tu kama unavyoona kutoka juu, nawe hutashtuka mpaka JOIN ikatae kuunganisha. Chagua maduara yote, fungua Properties, Center Z iwe 0.

Kagua kabla ya kumpelekea fundi

Chagua vyote: Properties ihesabu vitu 7, yaani duara moja na matao sita. LIST kwenye tao lolote iseme nusukipenyo 60 na urefu 125.66, ambao ni theluthi ya mzingo. Petali iwe na urefu wa 60, na upana wa 16.08 katikati yake. Tao moja likitofautiana, lifute, ulichore duara lake upya na kulikata; kulivuta kwa mkono kutaliharibu na jirani yake.

Chapisha kwa skeli ya 1:1, ukiwa umeondoa alama ya Fit to paper. Pima petali kwenye karatasi kwa rula. Ikisoma 60, karatasi hiyo inaweza kubandikwa kwenye ubao wa mbambakofi na patasi ikaanza.