Jinsi ya kusoma grafu ya elektroni kwenye sumaku kali ujue hali gani imeshinda, kimiminika ama kristali

Ndugu zangu wa Malindi mnaosoma fizikia, sumaku ya tesla 12 hatuna lakini grafu za ukinzani wa elektroni zilizobanwa kwenye tabaka jembamba zimejaa kwa intaneti bure, simu na kalkuleta vyatosha. Na asikwambie mtu eti mambo haya si ya kwetu, setilaiti iitwayo Uhuru, ya kuchunguza miale ya X ya angani, ilirushwa hapo Ngomeni 1970.

Anza na ν, nambari ya ujazo, yani ngazi za nishati za sumaku zilizojazwa na elektroni. Chukua elektroni zilizopo kwa kila mita mraba, zidisha kwa h (namba ya Planck), gawanya kwa e (chaji ya elektroni) mara nguvu ya sumaku kwa tesla, basi. Zikiwa 10¹⁵, kwa tesla 4.1 unapata 1, kwa tesla 12.4 unapata 1/3.

Sa angalia ukinzani wa aina mbili kwa pamoja, ule unaofuata mkondo na ule wa Hall unaopimwa kwa upana. Wa Hall ukilala bapa na mwenzake akashuka karibu na sifuri, kimiminika cha kwantamu kimeshinda, yani elektroni zinatiririka pamoja kama maji. Ukinzani wa Hall kwa ν ya 1, kwa kazi ya von Klitzing 1980, ni omu 25,812.8, kwa 1/3 waliyoiona Tsui, Störmer na Gossard 1982 ni mara tatu ya hiyo.

Utamu wenyewe uko karibu na ν ya 1/5, hapo usiharakishe. Elektroni zinasukumana, na sumaku ikizidi kila moja inabanwa kwa eneo dogo mpaka zinataka kujipanga kila mtu na nafasi yake kama mashua zilizotia nanga, ndo kristali ya Wigner, mwanafizikia aliyeiwaza 1934, na nanga yenyewe ni uchafu ulio ndani ya kifaa, kwa hivyo umeme haupiti. Basi utaona kwa 1/5 kamili kimiminika kinashinda, ukisogea kidogo tu huku ama huku ukinzani unapaa, na joto likishuka unapaa zaidi, yani hali mbili zinagombania sehemu ile ile na tofauti ya nishati ni ndogo mno, mimi naona hakuna kitu kizuri kama hiki kwa fizikia yote.

Kwa ν ya 9/2 dai grafu mbili, mkondo ukipitishwa kwa urefu na kwa upana wa kifaa, manake elektroni hujipanga mistari, upande mmoja umeme unapita vizuri na mwengine unakwama.

Halafu ukinzani mkubwa peke yake hautoshi kusema ni kristali, uchafu pia unaweza kufunga elektroni moja moja. Tafuta kipimo cha maikrowevu, kristali iliyoshikwa hutikisika yote kwa pamoja na kilele chake cha kufyonza maikrowevu huonekana kwa masafa (frikwensi) yake.