Namna ya kubadilisha sherehe ya kufungua baraza jipya (nimeandika nikiwaza Kigoma Ujiji, ila popote inafaa)

Watu wakisikia habari ya kurekebisha sherehe ya kufungua baraza la madiwani cha kwanza wanakimbilia kukata. Kata ngoma, kata pilau, toa majoho, punguza kadi za mwaliko. Hela ni ishu kweli sikatai, lakini ukikata tu bila kuweka kitu, mwananchi wa kata ya Kibirizi au Buzebazeba bado hana kazi yoyote siku ile zaidi ya kusimama nje ya uzio anachungulia magari. Kwa mimi swali la kuanzia ni hili, siku baraza linafunguliwa nani anaongea, nani anasikiliza, na kinabaki nini kwenye muhtasari wa kikao? Ukilijibu hilo vizuri mengine yatajipanga.

Chukua ratiba ya ufunguzi uliopita, mkurugenzi wa manispaa anayo, iombe kwa barua ukinyimwa kwa mdomo. Pitia mstari kwa mstari ukiuliza hiki kimo kwenye sheria au ni mazoea? Bungeni Dodoma ni rahisi kuona kwa sababu Katiba yenyewe imesema, ibara ya 68 mbunge lazima aape kiapo cha uaminifu kabla hajaanza kushiriki shughuli za Bunge (kumchagua Spika tu ndo anaruhusiwa kabla ya kuapa), na ibara ya 91 Rais atalihutubia Bunge jipya kwenye mkutano wake wa kwanza na kulifungua rasmi. Hayo huyagusi. Kwenye halmashauri nako hivyo hivyo, madiwani wanaapa mbele ya hakimu, wanachagua meya na naibu wake, kamati za kudumu zinaundwa, hapo usiguse kitu. Sasa angalia kilichobaki: nani akae meza kuu, salamu za nani na nani, emsii anataja viongozi dakika ishirini, mgeni rasmi anaongea saa nzima, zawadi, picha ya pamoja. Mengi ya hayo hayapo kwenye kanuni za kudumu (zile za kuendesha vikao vya baraza), ni mazoea yamekaa mpaka yameonekana sheria, na ukiuliza unaambiwa ndo itifaki. Mwambie akuonyeshe imeandikwa wapi, kwa heshima tu.

Halafu angalia wenzetu walifanyaje, maana ukienda mikono mitupu utaambiwa unaleta mambo ya ajabu. Mfano wa karibu kabisa ni Novemba 2015, Bunge la 11 lilipofunguliwa Rais Magufuli aliagiza hela nyingi zilizochangwa kwa ajili ya hafla baada ya hotuba ziende kununua vitanda vya Hospitali ya Muhimbili, watu wakala kidogo wakaondoka, na Bunge likafunguka vilevile. Ulikuwa uamuzi mzuri, ila uliishia kwenye chakula, mpangilio wa sherehe yenyewe haukuguswa. Sweden walienda mbali zaidi, mpaka mwaka 1974 ufunguzi wa bunge lao ulikuwa unafanyika ndani ya jumba la Mfalme, wabunge ndo wanamfuata, kuanzia 1975 baada ya katiba mpya sherehe ikahamia bungeni, na sasa Spika ndo anamwomba Mfalme afungue. Mfalme yupo na heshima yake yote, ila sasa anakuja kama mgeni na wenyeji ni wabunge. Hilo tu, nani mwenyeji, lilibadilisha sherehe nzima.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni Kisiwa cha Man, kale kanchi kadogo katikati ya Uingereza na Ireland kanachojiendeshea mambo yake ya ndani. Watu wao kwa sensa ya 2021 ni kama 84,000, yaani hata nusu ya Manispaa ya Kigoma Ujiji hawafiki, sisi sensa ya 2012 tulikuwa 215,458. Bunge lao linaitwa Tynwald, na kila mwaka tarehe 5 Julai (ikiangukia wikiendi wanasogeza Jumatatu) linakaa nje, juu ya kilima cha ngazi nne kijiji cha St John's, njia imetandikwa majani, viongozi wamevaa rasmi kabisa, hakuna aliyewaambia waache mapambo. Sasa sikiliza kinachofanyika pale. Sheria zilizopitishwa zinatangazwa mbele ya watu, kwa Kiingereza na kwa lugha yao ya Kimanx, na sheria isipotangazwa pale ndani ya miezi 18 tangu ipitishwe inakufa. Yaani sherehe ina kazi ya kisheria, ukiifuta unaua sheria. Halafu mwananchi yeyote mwenye lalamiko anaruhusiwa kwenda mpaka chini ya kilima na karatasi yake akaikabidhi mbele ya wote, ikiwa imekaa sawa mbunge anaweza kuibeba ikaingia kwenye kamati. Mwenye shida anatembea mbele ya wakubwa siku ya sherehe na karatasi inapokelewa. Hicho ndo nataka tukilete hapa.

Inafanyikaje Kigoma? Hapa niende polepole maana hapa ndo penye kazi.

Manispaa ina kata 19. Kila kata inaleta ombi moja, moja tu, nusu ukurasa, na linasomwa na mwananchi wa kawaida, SIO diwani wala mtendaji wala mwenyekiti wa mtaa. Dakika mbili kila mmoja, 19 mara mbili ni dakika 38, chini ya muda ambao mgeni rasmi mmoja anatumia sasa hivi. Ombi linachaguliwa kwenye mikutano ya hadhara ya mitaa, watu wanapendekeza wanapiga kura ya mikono, mtendaji wa kata anaandika kama lilivyosemwa bila kulipamba. Na liwe jambo ambalo halmashauri ina uwezo nalo: soko, taka, vyoo vya shule ya msingi, zahanati, machinjio, ushuru wa mwaloni (pale samaki wanaposhushwa). Watu wataleta barabara, lazima wataleta, ila tangu 2017 barabara za mijini ziko TARURA (wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini), kwa hiyo ombi la barabara liandikwe vizuri, kwamba tunaomba baraza liwaite TARURA waje wajieleze, vinginevyo utajibiwa siku hiyohiyo kwamba hili sio letu na ombi la kata limeishia hapo. Mtu anayeelewa mambo haya akae na wasomaji kabla, saa moja inatosha.

Maandishi yafike kwa mkurugenzi siku saba kabla. Yeye kama katibu wa baraza anakagua umbo tu, lipo kwenye nusu ukurasa, halina matusi, halimtaji mtu binafsi kwa jina, basi. Asipewe nafasi ya kuchuja maudhui, hili lisimamieni kabisa maana hapo ndo zoezi zima linaweza kuuawa kimyakimya, mnakuja siku ya siku mnakuta maombi yote yamekuwa pongezi. Mpangilio uende kwa alfabeti, Bangwe aanze, Buhanda, Businde, mpaka Rusimbi amalize, mtu asije akasema kata ya chama fulani imewekwa mwisho watu wamechoka. Mji wetu siasa zake mnazijua, mwaka 2015 manispaa ilichukuliwa na ACT-Wazalendo huku serikali kuu ni CCM, na sherehe inayobebwa na chama kimoja itafutwa na chama kinachofuata. Bendera na sare za vyama zibaki nje ya ukumbi siku hiyo.

Na wapi inakaa kwenye ratiba? Baada ya meya kuchaguliwa na kuvaa joho lake, kabla hajatoa hotuba yake. Hapo. Kila msomaji akimaliza anamkabidhi meya mkononi, katibu anapiga mhuri na kulipa namba, na nakala msomaji anarudi nayo kwake. Hotuba ya meya ije baada ya kusikia, na mgeni rasmi aje mwishoni kabisa kwa dakika kumi, mkuu wa mkoa au wa wilaya heshima yake yote apewe lakini aalikwe na meya na ashukuriwe na meya, kama vile Spika wa Sweden na Mfalme wake. Emsii akishasema itifaki imezingatiwa basi iwe imezingatiwa kweli, asianze tena upya kutaja majina mstari wa pili.

Majoho nasema yabaki. Najua vijana wengi mtanipinga, mtasema ni ukoloni, sawa, lakini muuza samaki wa migebuka aliyechaguliwa na kata yake akivaa joho lile anakaa sawasawa na wakili pembeni yake na wote ukumbini wanaona wako sawa, kwenye suti hiyo haipo kwa sababu suti zinatofautiana bei. Ngoma nazo zibaki, zichezwe nje watu wanapofika, na kikundi kilipwe kwa maandishi kama mzabuni mwingine yeyote, sio kupewa soda. Dua ya sheikh na sala ya mchungaji, fupi, zamu zibadilishwe nani anaanza.

Sasa mambo madogo yanayoharibu. Uchaguzi unakuwa Oktoba, kwa hiyo ufunguzi unaangukia kwenye msimu wetu wa mvua huku ziwani, mvua ikipiga bati hamsikii kitu ukumbini, kodini spika za uhakika na maturubai kwa watu wa nje, na spika moja ielekezwe nje kweli, isiwe pambo. Jenereta ijaribiwe jana yake ikiwa na mzigo. Zungumzeni na redio za mjini mapema zirushe maombi ya kata, sio hotuba peke yake, na jioni yarudiwe kwa muhtasari wa Kiha kwa wazee wetu. Gharama zote za siku hiyo zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa manispaa ndani ya wiki, viti shilingi ngapi, chakula ngapi, mafuta ngapi. Mambo haya hatuanzi sifuri, mwaka 2016 Kigoma Ujiji ilichaguliwa kwenye maeneo 15 tu ya majaribio duniani ya mpango wa Open Government Partnership (wa serikali kuendesha mambo kwa uwazi), kisha 2017 Tanzania ikajitoa na sisi tukatoka nayo. Kubandika karatasi ubaoni hakuhitaji mradi wala mfadhili.

Jambo ambalo wengi wanakuja kuligundua wamechelewa ni MUDA. Madiwani wapya hawawezi kubadilisha sherehe yao wenyewe, wanafika kila kitu kimeshapangwa na ofisi, wao wanaonyeshwa viti. Baraza la zamani linavunjwa miezi kadhaa kabla ya uchaguzi, na hapo katikati ni mkurugenzi na wataalamu wake tu. Kwa hiyo azimio lipitishwe na baraza linalomaliza muda wake, kwenye mojawapo ya vikao vyake vya mwisho. Na msisubiri miaka mitano ndo mjaribu, kila mwaka kuna mkutano wa mwaka wa kumchagua naibu meya na kuunda kamati, fanyieni majaribio hapo, mtaona msomaji anatetemeka wapi, maiki iko mbali wapi, maombi gani hayajibiki.

Diwani wenu akikubali kubeba hoja, mpeni maneno tayari asihangaike, kwa mfano hivi:

"Baraza linaazimia kwamba katika mkutano wa kwanza wa baraza jipya, na katika kila mkutano wa mwaka, kila kata itasoma ombi moja la maandishi kupitia mwananchi asiye kiongozi, kwa muda usiozidi dakika mbili, kwamba maombi yote yataingizwa kwenye muhtasari kwa namba, na kwamba katika mkutano wa kawaida wa robo ya kwanza unaofuata, Mkurugenzi atatoa majibu ya maandishi kwa kila ombi kabla ya ajenda nyingine, na wasomaji wataalikwa kuhudhuria."

Hiyo sehemu ya mwisho ya robo ya kwanza msikubali itolewe kwenye majadiliano, afadhali mpunguze dakika mbili ziwe moja. Hoja iwasilishwe kwa maandishi, wakati ambao kanuni za kudumu zinataka, na nakala yenu ipigwe mhuri wa kupokelewa na tarehe kabla hamjatoka pale masijala.