Dhahabu ya uzeeni, ya kushika au ya karatasi: anza na siku ya kuuza

Nina miaka 18 nyuma ya mizani ya sonara, Kisutu, Dar es Salaam. Swali ninaloletewa: ninunue dhahabu ya kushika mkononi, au ya karatasi, yaani hisa za mfuko wenye dhahabu? Wanaokuja nalo wengi wana hamsini na kitu, kikokotoo cha pensheni kimewatia hofu, wanataka sehemu ya akiba ikae kwenye dhahabu. Wote huuliza bei ya kununua. Mimi huwauliza: ukistaafu, utamuuzia nani, na atakukata kiasi gani?

Hatua ya 1: Piga hesabu ya kuingia na kutoka

Tuseme bangili ina dhahabu ya shilingi milioni 10. Fundi akitaka asilimia 10, umetoa milioni 11. Siku ya kuuza, mnunuzi akikata asilimia 10, unaondoka na milioni 9. Bei ya dhahabu inabidi ipande asilimia 22 ndipo urudishe hela yako tu. Asilimia hizo ni za mfano. Ingia dukani uulize bei ya kununua na ya kuuza kwa mkupuo mmoja. Kipande kisicho na urembo hakina ufundi mwingi, kwa hiyo ukitaka ya kushika, chukua kipande. Mkufu wa mama watoto usiuingize kwenye daftari la akiba, utakuja kuutafuta shingoni mwake.

Ya karatasi ni mfuko unaoweka dhahabu ghalani na kuuzwa kama hisa, mfano NewGold ulioingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2017. Mfuko ukitoza asilimia 0.4 kwa mwaka unaona kitu kidogo, ila kwa miaka 20 umekula karibu asilimia 8, mbali na kamisheni ya dalali. Bado bangili imekula zaidi.

Hatua ya 2: Ya kushika, ipime mwenyewe

Karati 22 ni asilimia 91.6 ya dhahabu, karati 18 ni 75. Muhuri hugongwa na yeyote mwenye nyundo, kwa hiyo usiuamini peke yake. Weka kikombe cha maji kwenye mizani ndogo ya kidijitali, rudisha sifuri. Funga bangili kwa uzi, izamishe yote bila kugusa kikombe, soma namba. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba hiyo. Gramu 20 zikisoma 1.12 majini, unapata karibu 17.9: hiyo ni karati 22. Ukipata 8 au 9, umeuziwa shaba. Yenye mawe au iliyo wazi ndani itakudanganya, na tungsten ina uzito karibu sawa na dhahabu safi, kwa hiyo kipande kikubwa kipeleke maabara.

Dhahabu ghafi ya "shemeji kutoka Geita" achana nayo. Kuinunua bila leseni ni kosa, hata ikiwa ya kweli.

Hatua ya 3: Ya karatasi, uliza iko wapi

Iko kwenye ghala gani, nani anaikagua, mfuko unasimamiwa na mamlaka gani? Programu ya simu inayoahidi faida kila mwezi haina dhahabu. Hisa za mgodi nazo ni biashara nyingine.

Hatua ya 4: Weka kiasi

Januari 1980 wakia moja ya dhahabu (gramu 31 hivi) ilifika dola 850. Mwaka 1999 ilikuwa kama 250, na 850 haikuonekana tena hadi 2008. Mstaafu hawezi kungoja miaka 28, na dhahabu haina gawio. Hatifungani za serikali, yaani mkopo unaoipa serikali, zenyewe hulipa kila miezi sita. Mimi sizidishi sehemu moja ya kumi ya akiba. Aliyebakiza zaidi ya miaka kumi kazini namwambia achukue karatasi, na ya kushika iwe ile tu anayoweza kuifungia kwenye kasiki.

Hatua ya 5: Risiti

Iandikwe uzito, karati, tarehe na bei ya gramu siku hiyo. Ikiandikwa "bangili moja", mrudishie aandike upya kabla hujatoka dukani.